Nani amempimia? Vifaa vya kutembelea baada ya kiharusi

Nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kiharusi zina magongo nyuma ya mlango. Ni yale mawili ya kuweka kwapani, ya mbao au ya alumini, ambayo mtoto mkubwa aliyanunua wiki ileile baba aliporuhusiwa kutoka hospitali. Yalitumika siku mbili tatu, yakaegemezwa ukutani, na baba akarudi kutembea kwa kushika meza, ukuta na bega la mjukuu. Familia inasema mzee ni mkaidi, hataki mazoezi. Mzee si mkaidi. Magongo ya kwapani yanataka mikono miwili yenye nguvu, na kiharusi kimemwachia mmoja.

Kosa hili halitokani na uzembe. Picha tuliyo nayo vichwani ya mtu asiyeweza kutembea ni ya aliyevunjika mguu au aliyepata polio utotoni, watu ambao mguu umeharibika lakini mikono, mizani ya mwili na akili ya kujua mguu uko wapi vimebaki salama. Kiharusi ni jambo jingine. Mshipa wa damu unaziba au kupasuka ndani ya ubongo, na sehemu iliyokosa damu inaacha kutuma amri upande wa pili wa mwili. Mkono unalegea pamoja na mguu. Unyayo unaning'inia, vidole vinakwaruza sakafu, na ili mguu upite mgonjwa anauzungusha kutoka nyongani kama mtu anayefyeka nyasi. Goti linakatika ghafla au linajipinda kwa nyuma. Wengine hawahisi wanakanyaga nini. Na wapo ambao ubongo wao umeacha kabisa kuutambua upande mmoja, hasa wa kushoto: wanajigonga mlangoni upande huo kila siku, na ukiwauliza wanasema mlango ni mwembamba. Kifaa cha kumtembeza mtu wa namna hii hakichaguliwi kwa kuangalia mguu peke yake. Unaanza na mkono uliobaki, unakuja kwenye kifundo cha mguu, kisha unatazama ardhi atakayoikanyaga.

Idadi ya wanaohusika ni kubwa kuliko tunavyodhani. Utafiti wa kuwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulichukua sehemu mbili, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na eneo moja la jiji la Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takriban 316. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi cha nchi nyingi tajiri. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo linaloongoza katika visababishi, na wengi wanaopigwa huku kwetu ni watu wa umri wa kazi, wenye shamba, genge, darasa la kufundisha au gari la kuendesha. Kwao kutembea tena ni suala la riziki kabla ya kuwa suala la afya.

Tuanze na fimbo, kwa sababu ndicho kifaa kinachowafaa wengi na ndicho kinachodharauliwa zaidi. Fimbo moja, nyepesi, yenye mpini ulionyooka au uliopinda kidogo wa kujaa kiganjani, na kitako cha mpira chini. Kuipima hakuhitaji mashine. Mgonjwa anasimama wima kadiri awezavyo akiwa amevaa viatu anavyovaa kila siku, mkono mzima ukining'inia ubavuni. Kichwa cha fimbo kinatakiwa kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kinajikunja kidogo, nyuzi 15 hadi 30. Ikiwa ndefu kupita hapo, bega linapanda juu na mkono hauwezi kusukuma chini. Ikiwa fupi, mgongo unainama na macho yanaishia kwenye vidole. Sentimita tatu tu zinatosha kumfanya mtu aone fimbo haina maana.

Kisha inashikwa kwa mkono wa upande mzima. Aliyepooza sana hana hiari katika hili, maana mkono mwingine haushiki kitu. Tatizo lipo kwa wale ambao kiharusi kimewapitia kwa wepesi, wanaoweza kushika kwa mikono yote. Hao, mara nyingi kwa ushauri wa ndugu, huiweka fimbo upande wa mguu mbovu "ili iusaidie". Inaonekana ni busara, lakini inamrundikia mtu mizigo yote upande mmoja. Fimbo ikiwa upande wa pili, mwili unapata msingi mpana wa kusimamia, na misuli ya nyonga dhaifu inapunguziwa kazi pale mguu huo unapobeba uzito. Mwendo wake ni huu: fimbo mbele, mguu dhaifu, halafu mguu mzima. Kwenye ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima. Kushuka unatanguliza fimbo na mguu dhaifu.

Hata anayemsindikiza ana mahali pake. Anakaa upande dhaifu, nyuma kidogo, mkono mmoja tayari kwenye mkanda wa suruali au kwenye kitambaa kilichofungwa kiunoni. Hamvuti mkono uliolegea. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona mara nyingi watoto wenye mapenzi mema wakimnyanyua mama yao kitandani kwa kumvuta mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega imelala, na kila mvuto unaulegeza zaidi mfupa wa mkono kwenye kikombe chake. Miezi michache baadaye mama ana bega linalouma usiku kucha, maumivu yanamfanya asitake kusimama, na watu wanasema ugonjwa umerudi.

Kuna mjadala wa miaka mingi miongoni mwa wataalamu kuhusu kumpa mgonjwa fimbo mapema. Berta Bobath, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mumewe daktari Karel Bobath, waliofanya kazi yao London, walijenga shule ya tiba iliyoenea katika vyuo vya fiziotherapia Ulaya na mbali nje ya Ulaya. Hofu ya shule hiyo ilikuwa kwamba anayeegemea fimbo anauhamisha uzito wote upande mzima, mguu dhaifu unasahau kazi, na juhudi za kukaza mkono zinaamsha mkazo wa misuli upande uliopooza. Kwa hiyo mtaalamu alimshikilia mgonjwa kwa mikono yake, akarekebisha mwendo hatua kwa hatua, na fimbo ikangoja.

Hoja hiyo ina heshima yake. Lakini ilipopimwa haikusimama kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2009 Sarah Tyson na mwenzake nchini Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 20 ambao bado hawakuweza kutembea bila kushikwa na mtu. Walitembezwa bila kifaa, kisha kwa fimbo, kwa ganda la plastiki la kushika kifundo cha mguu, kwa kiatu chenye ncha ya kuteleza, na kwa vyote kwa pamoja. Kila kifaa kiliwafanya wahitaji msaada mdogo zaidi wa mtu. Ubora wa mwendo wenyewe, urefu wa hatua na kadhalika, haukubadilika, lakini pia haukuharibika. Na wagonjwa wenyewe walisema wanajiona salama zaidi na wana imani zaidi. Watu 20 ni wachache, na utafiti mmoja haumalizi mjadala. Hata hivyo kwa mazingira yetu nina msimamo. Pale ambapo mtaalamu anamwona mgonjwa kila siku kwa wiki nyingi, anaweza kumudu kungoja. Pale ambapo kliniki ni mara moja kwa mwezi na nauli ni ya kukopa, kungoja mwendo mzuri maana yake ni kukaa. Na kukaa kunaleta misuli iliyosinyaa, vidonda vya kulalia, damu kuganda miguuni na upweke wa chumba cha ndani.

Muda nao unabana. Utafiti uliofanyika Copenhagen, uliochapishwa 1995, uliwafuatilia wagonjwa 804, na asilimia 95 yao walifikia kiwango chao cha juu cha kutembea ndani ya wiki 11 za mwanzo. Haimaanishi kwamba baada ya hapo mlango umefungwa. Zipo tafiti zinazoonyesha watu wakiendelea kunufaika na mazoezi miezi sita baadaye na zaidi. Maana yake ni kwamba wiki zile za mwanzo ndizo zenye rutuba, na kwetu ndizo zinazopotea kwa kutafuta tiba huku na kule, kusubiri barua ya rufaa na kujadiliana kama ni ugonjwa au ni mkono wa mtu.

Haraka nayo ina mpaka wake. Jaribio kubwa lililoitwa AVERT, lililohusisha wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano na kuchapishwa 2015, lilionyesha kwamba kumtoa mgonjwa kitandani mara nyingi na kwa nguvu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Siku ya kwanza mwache apumzike, ageuzwe, awe na mtu karibu. Vipindi vifupi vya kusimama na hatua za kwanza vinafuata hali yake inapotulia, chini ya macho ya muuguzi au mtaalamu.

Turudi kwenye vifaa. Fimbo ya miguu minne inapendwa na wanaonunua kwa sababu inasimama yenyewe na inaonekana imara. Kwenye sakafu tambarare ni kweli, na kwa mtu anayeyumba sana inafaa kuanzia nayo. Sharti lake ni kwamba miguu yote minne iguse chini kwa wakati mmoja. Nje ya mlango sharti hilo linavunjika. Kwenye kokoto inasimama kwa miguu miwili. Kwenye mchanga wa Pwani upande mmoja unazama. Kwenye njia ya mteremko vijijini Moshi inambetua mtu badala ya kumshika. Ni nzito pia, na anayetembea polepole anaishia kutembea polepole zaidi. Nimeona ikinunuliwa kwa bei mara kadhaa ya fimbo ya kawaida, kisha mwenye nayo anaitumia sebuleni tu, na shambani anachukua mti.

Fremu ya kutembelea, ambayo wengine huiita woka, inamfaa anayeyumba lakini mikono yote inashika. Kwa aliyepooza upande mmoja inakwenda kombo, maana mkono mmoja unaisukuma na mwingine unaburutwa. Zipo fremu ndogo za mkono mmoja, ila hazionekani sana madukani kwetu. Za magurudumu ni nzuri hospitalini na kwenye vigae. Kwenye vumbi na mifereji magurudumu madogo hukwama.

Kitako cha mpira kinastahili maneno yake peke yake. Fimbo isiyo na mpira kwenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa, au kwenye vigae vilivyomwagikiwa maji, ni hatari kuliko kutokuwa na fimbo, kwa sababu mtu ameiamini. Mpira unaisha kwa kukanyagwa kila siku, mifuo yake inafutika, chuma kinaanza kutokeza, na hapo ndipo watu wanapoanguka. Fundi viatu anaweza kuukata mwingine kutoka kwenye tairi kuukuu na kuugongomea kwa dakika chache. Sijui ni kliniki ngapi zinazomwambia mgonjwa ageuze fimbo yake kila mwezi atazame chini, lakini ushauri huo hauna gharama yoyote.

Sasa kifundo cha mguu. Unyayo unaoning'inia ndio unaowaangusha wengi, na dawa yake ya zamani na nzuri ni ganda jepesi la plastiki ngumu linaloanzia chini ya goti kwa nyuma, linashuka kwenye shavu la mguu na kupita chini ya unyayo hadi karibu na vidole, likifungwa kwa mikanda ya kunata. Mafundi na madaktari huliita AFO. Linauzuia unyayo usilale, vidole vinapita bila kukwaruza, na pale linapokatwa vizuri linatuliza hata goti linalojipinda kwa nyuma. Kutengenezwa kwake ni kazi ya mikono: mguu unafungwa plasta ya jasi huku fundi akiushikilia katika pembe inayotakiwa, ganda la jasi linakatwa na kujazwa ili kupata mfano wa mguu, mfano unasuguliwa na kuongezwa pale mifupa inapotokeza, kisha plastiki iliyolainishwa kwenye oveni inafunikwa juu yake na kufyonzwa hewa hadi ishike umbo. Mgonjwa anarudi kulijaribu, linapunguzwa hapa, linapanuliwa pale.

Tuna watu wanaojua kazi hii. Chuo cha TATCOT mjini Moshi, jirani na hospitali ya KCMC, kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981, wengi wao kutoka nchi nyingine za Afrika. Kenya ina chama cha watu wenye ulemavu cha APDK, kilichoanzishwa 1958, na karakana za Bombolulu, Mombasa, zilizoanza 1969. Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT na taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Kwa hiyo ujuzi haukosekani. Kinachokosekana ni njia kati ya ujuzi huo na mtu wa Sumbawanga anayehitaji kwenda angalau mara mbili, kupimwa na kujaribishwa, akiwa hawezi kupanda basi bila watu wawili wa kumsaidia.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni havikulifikiria. AFO imebuniwa kwa ajili ya mtu anayevaa kiatu kilichofunikwa, chenye kamba, asubuhi hadi jioni. Sisi tunavua viatu mlangoni. Ndani tunatembea pekupeku au kwa ndala, msikitini tunaingia bila viatu, na mama anayepika jikoni hana viatu vya kamba. Ganda la plastiki peke yake kwenye sakafu laini linateleza kama kigae chenye sabuni. Kwenye ndala halikai. Matokeo yake mgonjwa analivaa siku ya kliniki, na siku nyingine liko juu ya kabati. Suluhisho si kumlaumu. Fundi anaweza kubandika soli nyembamba ya mpira chini ya ganda ili litembee ndani ya nyumba, na familia inaweza kutenga jozi moja ya viatu vipana, safi, visivyotoka nje. Zipo sandali zenye mikanda mitatu na kisigino kilichofungwa ambazo ganda linaingia bila shida. Mwanamke anayevaa kanga au baibui refu aambiwe apandishe pindo juu ya kifundo, kwa sababu pindo linalonaswa chini ya unyayo usiohisi linaangusha sawasawa na unyayo wenyewe. Haya ni mambo ya dakika tano, na hayaulizwi kwa sababu anayepima anatazama mguu uliolala juu ya meza, hauoni ukiwa nyumbani.

Ngozi nayo iangaliwe. Mguu usiohisi hausemi unapobanwa. Kwa siku za mwanzo ganda livaliwe saa moja au mbili, livuliwe, ngozi itazamwe kwa mwanga. Wekundu usioondoka ndani ya nusu saa ni ujumbe kwamba ganda lirudi kwa fundi. Kwa mwenye kisukari, na kisukari na kiharusi ni ndugu, kidonda kidogo cha kisigino kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu.

Vipi kuhusu mashine? Kila mara picha zinasambaa kwenye simu za mtu aliyepooza akitembezwa na roboti, na familia inauliza kama India wanayo, kama gari liuzwe. Roboti za kutembeza na mikanda ya kumning'iniza mgonjwa juu ya mashine ya kukimbilia zina nafasi yake, hasa kwa ambaye hawezi kutembea kabisa katika miezi mitatu ya mwanzo, na zikiambatana na mazoezi ya kawaida. Lakini jaribio la LEAPS la Marekani, lililochapishwa 2011 likiwa na washiriki 408, lililinganisha mashine ya namna hiyo na mazoezi ya nyumbani ya nguvu na mizani chini ya mtaalamu. Baada ya mwaka mmoja asilimia 52 ya washiriki wote walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na hakukuwa na tofauti kati ya makundi. Mtaalamu aliyekuja nyumbani alifikia kile kilichofikiwa na mashine. Vivyo hivyo vifaa vinavyoushtua mshipa wa fahamu wa mguu kwa umeme ili unyayo unyanyuke, wazo lililotolewa na mtafiti Liberson na wenzake mwaka 1961: vilipolinganishwa na ganda la plastiki, kasi ya kutembea iliongezeka kwa kiasi kilekile, ingawa watumiaji wengi waliupenda zaidi umeme. Mwenye uwezo asizuiwe. Ila anayeuza shamba aelezwe kwanza kwamba ganda lililopimwa vizuri Moshi lingemfikisha karibu na hapohapo.

Kipimo ambacho ningependa kila kliniki ikitumie ni kasi. Jacquelin Perry na wenzake nchini Marekani, mwaka 1995, waligawa watembeaji baada ya kiharusi hivi: chini ya mita 0.4 kwa sekunde mtu anatembea ndani ya nyumba tu. Kati ya 0.4 na 0.8 anatoka nje kwa shida. Zaidi ya 0.8 anajitegemea mtaani. Weka hesabu hiyo kwenye barabara ya njia nne yenye upana wa mita 14. Mwenye kasi ya 0.4 anahitaji sekunde 35 kuivuka, na bodaboda hazingoji sekunde 35. Mtu huyo kitaalamu "anatembea", ameshaandikiwa kwamba amepona, lakini sokoni hafiki. Kujua kasi yake kunatueleza kwamba fimbo ni ya nyumbani na ya kwa jirani, na kwamba kwa safari ya mbali anahitaji bajaji au kiti cha magurudumu.

Na kiti cha magurudumu si kushindwa. Familia nyingi hukikataa kwa hofu kwamba akikaa hatasimama tena, na mgonjwa anabaki nyumbani miaka mitatu, harusi na misiba ikimpita. Mtu anaweza kutembea chumbani kwa fimbo na kwenda kanisani kwa kiti. Tatizo ni viti vyenyewe. Aliyepooza upande mmoja anakiendesha kwa mkono mzima kwenye gurudumu na mguu mzima kwenye sakafu, kwa hiyo kikalio lazima kiwe chini kiasi cha kisigino kugusa. Viti vya msaada vinavyogawiwa kwa mamia kwenye viwanja vya mpira ni vya kipimo kimoja, virefu na vipana. Mguu unaning'inia hewani, mgonjwa anateleza mbele, na kinachobaki ni kusukumwa na mtoto ambaye anatakiwa awe shuleni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti hivi kwa nchi zenye uwezo mdogo mwaka 2008, na msisitizo wake ni kupima, kurekebisha, kufundisha na kufuatilia. Sherehe ya kugawa viti haina hata kimoja kati ya hivyo vinne.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unazitaka serikali katika ibara ya 20 zihakikishe watu wanapata vifaa vya kutembelea vyenye ubora kwa bei wanayoimudu, pamoja na mafunzo ya kuvitumia. Tanzania ina sheria yake ya 2010, Kenya ilikuwa na yake tangu 2003. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti iliyosema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Fimbo, fremu, magongo na AFO vyote vimo katika orodha ya vifaa 50 vya kipaumbele iliyotolewa na shirika hilo mwaka 2016. Kwa hiyo sheria ipo na orodha ipo. Kinachoshindikana ni kitu cha chini zaidi: katika zahanati ya kata hakuna mtu ambaye kazi yake ni kupima fimbo.

Kazi hiyo haihitaji shahada. Shirika hilohilo limetengeneza mafunzo mafupi ya mtandaoni kwa wahudumu wa afya ya msingi, yanayojulikana kama TAP, yakifundisha hatua nne: kuchagua kifaa, kukirekebisha kimfae mtu, kumfundisha kukitumia, na kumfuatilia. Hatua ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi, na kwa kiharusi ndiyo yenye maana kuliko zote, kwa sababu mwili unabadilika. Aliyeanza na fimbo ya miguu minne mwezi wa kwanza huenda anaweza ya kawaida mwezi wa tatu. Aliyefungiwa ganda gumu anaweza kuhamia kwenye jepesi, au kuliacha. Mwingine anarudi nyuma, mkazo wa misuli unaongezeka, na kifaa kilichomfaa sasa kinamwumiza.

Kenya iligawa mwaka 2023 mabegi ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na Tanzania mwaka 2024 ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hawa tayari wanaingia nyumba kwa nyumba. Ndani ya begi lililokwisha kuwa na mashine ya kupima shinikizo la damu, kuna nafasi ya futi ya kupimia ya fundi cherehani na vitako vichache vya mpira. Mhudumu akifika kwa aliyepooza apime fimbo dhidi ya kifundo cha mkono, ageuze kitako, avue ganda na kutazama kisigino, amwombe mgonjwa atembee kutoka kitandani hadi chooni. Choo akitazame kwa makini: kama ni cha kuchuchumaa, fimbo haimsaidii kuinuka, anahitaji bomba lililochomelewa ukutani upande wa mkono mzima na kiti kilichotobolewa katikati, na vyote viwili fundi wa mtaani anavitengeneza. Kisha aandike tarehe ya kurudi.